Fedha Ziende kwa Hatua: Hotuba ya Kamati ya Miradi katika Mkutano wa Mwaka



Kabla ya kuomba mchango, tunaanza na deni letu. Wengi mnaikumbuka mashine ya kusindika juisi ya machungwa. Tulichanga, tukajenga banda, tukanunua mashine, ndipo tukagundua kwamba maji hayatoshi na kwamba machungwa huiva yote kwa mpigo, kisha mashine ikae miezi bila kazi. Kila kikao tulisema, "Tumeshatumia nyingi, tumalizie." Hivyo tukazidi kupoteza. Hakuna aliyeiba. Kosa letu lilikuwa kwamba hatukujiwekea mahali pa kusimama na kuulizana kama bado inafaa kuendelea.

Kosa hilo si letu peke yetu. Mwaka 1946 serikali ya Uingereza iliamua kulima karanga Tanganyika kwenye eneo kubwa mno. Matrekta yalifika Kongwa kabla ya udongo na mvua kupimwa kwa mashamba madogo ya majaribio. Kiangazi kilipokuja, udongo ukawa mgumu kama saruji. Mradi ulifutwa mwaka 1951, na takriban pauni milioni 36 zikahesabiwa kuwa hasara.

Sasa tazameni mkonge, uliotulea sisi wa bonde hili. Mwaka 1893 Mjerumani Richard Hindorf aliagiza miche 1,000 kutoka Florida, Marekani. Iliyofika hai ilikuwa 62 tu. Ikapandwa Kikogwe, karibu na Pangani, ikaota, ikazaa miche mingine, na mashamba yakapanuka kutokana na kile kilichokwisha kuonekana kwa macho. Kufikia miaka ya 1960 Tanganyika ilikuwa ikiongoza duniani kwa mkonge.

Viwandani utaratibu wa namna hii unajulikana. Robert Cooper wa Kanada aliupa umbo lake miaka ya 1980: kazi hugawanywa kwa hatua, na mwisho wa kila hatua kuna lango. Langoni majibu ni manne: endelea, subiri, rudi ukarebishe, au acha. Fedha za hatua inayofuata hazitoki mpaka lango lifunguliwe.

Mwaka huu tunapendekeza mradi wa vikapu, mazulia na kamba za singa za mkonge, utakaoendeshwa na vikundi vya akina mama. Tutaupitisha katika malango manne.

Lango la kwanza ni wazo. Singa tutazipata kwa nani, kwa bei gani, na nani atanunua bidhaa? Hapa tunatumia nauli tu.

Lango la pili ni sampuli. Tutatengeneza vikapu vichache na kuvipeleka gulioni na madukani Tanga. Ndugu akinunua kwa kutuonea huruma, hatumhesabu. Tunamhesabu mgeni aliyetoa fedha yake, hasa akirudi mara ya pili.

Lango la tatu ni jaribio la msimu mzima. Tutapiga hesabu ya singa, rangi, usafiri, na ujira wa mama aliyesuka. Kikapu kinacholeta faida kwa sababu tu jasho la mama halikuhesabiwa, hicho ni hasara.

Lango la nne ndilo la jengo na mashine. Safari iliyopita tulianzia hapa.

Masharti ya kila lango yataandikwa sasa, kabla ya kazi kuanza, yasije yakabadilishwa kufuata matokeo. Wanaoendesha mradi watatoa taarifa lakini hawatapiga kura. Taarifa itasomwa hadharani, iwe tamu au chungu. Mradi ukisimamishwa, fedha zilizobaki zitakaa benki mpaka mkutano wa wanachama uamue matumizi yake.

Tunajua kuna atakayeuliza: "Kwa nini nichangie kitu ambacho wenyewe mnasema huenda kikaachwa?" Swali ni la haki. Jibu letu ni kwamba mkiona tumesimama kwenye lango la pili, fedha yenu nyingi bado ipo. Mwaka ule wa machungwa hatukusimama popote, na mpaka leo wapo wazee waliouza mbuzi ili wachange, ambao tunapishana nao njiani tukitazama chini.

Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Tunaomba ahadi zenu leo, na zaidi ya fedha tunaomba macho yenu. Kila lango likifika, njooni mtuulize. Na siku tutakaposema "tuache", msituone tumeshindwa.