Tuchange Nauli Kabla ya Kuchanga Sanda

(Mazungumzo kwa wajumbe wa kamati za parokia, Njinjo, Wilaya ya Kilwa)

 

Nimeombwa niseme juu ya saratani na umaskini. Sitatoa somo la udaktari. Nataka tuzungumze juu ya nauli.

Sera ya Afya ya mwaka 2007 iliitaja saratani miongoni mwa magonjwa ambayo mgonjwa husamehewa malipo katika hospitali za serikali. Wengi tukisikia hivyo tunadhani mzigo umekwisha. Lakini mashine za mionzi haziko Njinjo wala Kivinje. Mgonjwa wetu huelekezwa Taasisi ya Saratani Ocean Road, Dar es Salaam.

Tumfikirie mama mjane wa hapa kwetu, mwenye saratani ya mlango wa kizazi, ambayo ndiyo inayowapata wanawake wengi zaidi nchini. Atatafuta gari hadi Nangurukuru, na njia hiyo wakati wa masika mnaijua wenyewe. Kisha apande basi la Dar es Salaam. Mionzi hutolewa siku tano kwa juma, kwa majuma matano hivi au zaidi. Atalala wapi siku zote hizo? Msindikizaji wake atakula nini? Nani atapalilia shamba, na watoto watabaki na nani? Msamaha wa hospitali haujibu hata swali moja kati ya hayo.

Basi mama husema, "Ngoja niuze ufuta kwanza." Anangoja mnada, lakini ugonjwa haungoji mnada. Au anakwenda, fedha zinaisha katikati, anarudi nyumbani. Mionzi ikikatizwa, nafasi ya kupona hupungua.

Ndugu zangu, tuseme ukweli. Akifa mtu hapa kijijini, kabla jua halijatua mchango umepatikana: sanda, unga, hata gari la kuleta maiti. Wala hatuulizi marehemu alikuwa wa dini gani. Kumbe uwezo tunao, ila tunautoa wakati mwenyewe hawezi tena kuutumia.

Yule Msamaria Mwema alifunga majeraha, lakini hakuishia hapo. Alimpandisha mgonjwa juu ya mnyama wake: hiyo ni nauli. Akamlipia nyumba ya wageni: hayo ni malazi. Akaahidi kulipa gharama zitakazozidi: huo ndio mfuko.

Naomba kila kamati iondoke na mambo manne.

Kwanza, mfuko wa safari. Kila kaya itenge kidogo siku ya kuuza ufuta, ili fedha ziwepo hata mwezi wa Januari. Daftari lisomwe mbele ya watu wote.

Pili, msindikizaji anayejua kusoma. Ashike barua ya rufaa, na amwone afisa ustawi wa jamii mapema kuhusu msamaha.

Tatu, malazi. Wengi wetu tuna ndugu Mbagala. Tuwaombe chumba kabla mgonjwa hajasafiri.

Nne, jembe. Jumuiya ilime shamba la mgonjwa na kuwalisha watoto wake.

Wafadhili wetu, hatuwaombi mtubebe. Tunaomba muongeze juu ya kile tulichochanga wenyewe.

Tena tusisahau kwamba safari rahisi kuliko zote ni ile isiyohitajika. Chanjo ya kukinga saratani ya mlango wa kizazi ilianza kutolewa nchi nzima mwaka 2018, na tangu 2024 ni dozi moja tu kwa wasichana wa miaka 9 hadi 14, bila malipo. Akina mama nao wapimwe mapema. Kipimo cha siki huchukua dakika chache, na dalili zikionekana mapema hutibika kabla hazijawa saratani.

Mgonjwa mwingine atatokea kabla ya mavuno. Atukute tumejiandaa.