MOSHI NI KUNI ZILIZOPOTEA

Maneno ya hotuba juu ya jiko la kuni, kwa akina mama na akina baba



Kila siku, kabla jua halijachomoza, moto wa kuni huwashwa katika nyumba nyingi za Kenya. Hesabu ya watu ya mwaka 2019 ilionyesha ya kuwa zaidi ya nusu ya nyumba zote nchini hupika kwa kuni, na huko mashambani ndiko nyumba hizo zilizo nyingi zaidi. Kwa hiyo jambo la jiko la kuni si jambo dogo, wala si jambo la akina mama peke yao.

Watu wengi hudhani kuwa moshi ni desturi ya moto, na ya kuwa mpishi hana budi kulia machozi mpaka chakula kiive. Sivyo. Moshi mwingi ni dalili ya kuwa moto ni mgonjwa. Tena ni dalili ya hasara, kwa maana kile kinachotoka mlangoni leo kama moshi ni sehemu ya mzigo ule uliobebwa mgongoni jana.

Moshi ni nini?

Ukuni ukitiwa motoni hupita hatua tatu. Kwanza, maji yaliyomo ndani yake hutoka yakawa mvuke. Pili, ukuni ukizidi kupata joto hutoa hewa zinazoweza kuwaka, na hizo ndizo zinazokuwa miali ya moto. Tatu, hubaki makaa, ambayo huungua polepole bila mwali mkubwa. Ikiwa jiko lina joto la kutosha na upepo wa kutosha, hewa zile za hatua ya pili huungua na kumpa mpishi joto. Lakini moto ukipoa, au ukikosa pumzi, hewa hizo huondoka bila kuungua. Huo ndio moshi.

Kila mpishi amepata kuuona ushahidi wa jambo hili kwa macho yake. Jiko limejaa moshi; mama anainama, anapuliza mara mbili tatu, na ghafula moshi wenyewe unashika moto na chumba chote kinang'aa. Kilichowaka pale ni moshi ule ule uliokuwa ukimchoma macho. Basi mwenye kupunguza moshi hapunguzi moto; anauongeza. Usafi wa jiko na uchache wa kuni ni kazi moja, si mbili.

Madhara yake

Hasara ya kuni ni ndogo ikilinganishwa na hasara ya afya. Shirika la Afya Duniani lilikadiria ya kuwa katika mwaka 2020 watu milioni 3.2 walikufa duniani kwa ajili ya moshi wa nyumbani, na miongoni mwao watoto zaidi ya 237,000 walikuwa hawajatimiza miaka 5. Moshi una vumbi jembamba mno lisiloonekana moja moja, ambalo hupita puani na kooni likaingia ndani kabisa ya mapafu. Mtoto mchanga, ambaye kifua chake hakijapata nguvu, huugua homa ya mapafu upesi. Watu wazima nao hupata kikohozi kisichokwisha, na magonjwa ya moyo na ya macho.

Hapa Kenya, huko Mpala katika Laikipia, wataalamu walichungua nyumba 55 zenye watu 345, na matokeo ya uchunguzi huo yakatangazwa mwaka 2001. Waliona ya kuwa kadiri mtu avutavyo moshi mwingi, ndivyo augusavyo zaidi maradhi ya kifua. Tena waliona ya kuwa moshi mkali zaidi humpata mtu aliye karibu kabisa na moto, wakati wa kuwasha, wa kuongeza kuni, na wa kukoroga chungu. Mtu huyo ni mama, na mara nyingi mtoto yuko mgongoni mwake. Jambo lingine walilolionyesha ni hili: haitoshi kupunguza moshi kidogo tu. Faida kubwa hupatikana pale moshi unapopunguzwa sana.

Kuni kavu kwanza

Dawa ya kwanza haihitaji fedha. Miti mingi ikikatwa leo huwa na maji yapatayo karibu nusu ya uzito wake. Maana yake, mama aliyebeba kilo 20 za kuni mbichi amebeba karibu kilo 10 za maji, ambayo hayanywewi wala hayapikiwi. Akifika nyumbani, sharti moto uyachemshe maji hayo kwanza kabla haujaanza kuchemsha yale ya sufuria. Moto hupoa, na moshi hujaa nyumbani.

Kuni zilizokauka vizuri hazizidi sehemu moja ya maji katika sehemu tano za uzito. Ili zikauke, yafaa zikatwe mapema, zipasuliwe, kisha zipangwe juu ya mawe au vijiti ili zisiguse udongo, chini ya paa dogo lisilo na kuta, mahali papitapo upepo. Gome la mti huzuia maji yasitoke. Kwa hiyo gogo lisilopasuliwa laweza kuonekana kavu kwa nje na kumbe ndani ni bichi. Katika nchi ya joto na jua kali kuni huweza kukauka kwa miezi michache. Katika nchi ya ukungu na baridi hutaka muda mrefu zaidi. Nyumba yenye akili hukata leo kuni za msimu ujao.

Dalili za ukuni mkavu ni rahisi kuzijua. Ni mwepesi mkononi. Ncha zake zina nyufa. Gome lake hubanduka. Kuni mbili kavu zikigonganishwa hutoa sauti kali, lakini mbichi hutoa sauti nzito kama ya kupiga udongo.

Unene nao una maana. Ukuni wa unene wa kifundo cha mkono huwaka vizuri kuliko gogo, kwa sababu moto huupata kutoka pande zote. Kazi ya kupasua ni kazi ya shoka na ya nguvu, na hapa ndipo akina baba na vijana wanapotakiwa. Baba apasuaye kuni na kujenga paa la kuzikaushia amemtibu mtoto wake kabla hajaugua.

Namna ya kuwasha na kulisha moto

Kwanza majivu ya jana yaondolewe, ili upepo upate njia. Kisha viwekwe vijiti vyembamba vikavu, vimepishana, na moto utiwe chini yake. Vikishika vizuri ndipo kuni nene zifuate. Mpishi atiaye gogo juu ya moto mchanga huuua.

Wazee walisema, "Kinga na kinga ndipo moto uwakapo." Maneno hayo ni ya kweli jikoni kama yalivyo ya kweli katika ujirani. Ukuni mmoja peke yake hupoteza joto lake ukazimika; kuni mbili au tatu zilizokaribiana huangaziana joto na kuwaka. Lakini zikijazwa nyingi mno katika mdomo wa jiko, upepo hukosa pa kupita na moshi hurudi. Basi zitiwe chache, na zisukumwe ndani polepole kadiri ncha zinavyoungua.

Haifai kabisa kuwasha moto kwa mifuko ya plastiki, vipande vya ndara, mpira au mbao zilizopakwa rangi. Moshi wa vitu hivyo una sumu. Mifuko ya plastiki ya kubebea vitu ilikatazwa nchini Kenya tangu mwaka 2017, na hata iliyosalia haifai kuwa kibiriti. Mti wa mnyaa pia usitiwe jikoni, maana utomvu wake huumiza macho. Tena mafuta ya taa yasimwagwe kamwe juu ya makaa yenye moto. Wengi wameungua uso na mikono kwa haraka hiyo.

Jiko lenyewe

Mafiga matatu yana sifa yake. Hayanunuliwi, na hupokea chungu cha kila kadiri. Lakini upepo huyapiga kutoka kila upande, na sehemu kubwa ya joto huenda hewani badala ya kwenda chunguni.

Chama cha Maendeleo ya Wanawake, kilichoanzishwa mwaka 1952, kilishiriki katika miaka ya 1980 kueneza jiko jingine la kuni, ambalo liliitwa jiko la Maendeleo, na baadaye likauzwa pia kwa jina la Upesi. Ni mviringo wa udongo uliochomwa kama chungu, wenye mdomo mmoja wa kutilia kuni na vituo vitatu vya kukalisha sufuria. Hujengewa sakafuni kwa mawe na udongo. Kuta zake hushika joto, huuzuia upepo, na kuuelekeza mwali chini ya sufuria. Vile vile mtoto hana nafasi kubwa ya kuanguka motoni.

Mwenye kubaki na mafiga naye aweza kuyatengeneza. Ayazungushie ukuta mfupi wa udongo, aache mdomo upande mmoja. Kuni zilazwe juu ya jiwe dogo bapa au vyuma vichache, ili upepo upite chini yake na kuingia katikati ya moto. Chungu kisiwe juu mno, maana joto hupotea. Wala kisiwe chini mno, maana mwali ukigusa chungu baridi kabla haujamaliza kuungua huacha masizi meusi. Chungu chenye masizi mazito ni barua ya kumwambia mpishi kuwa moto wake haupati pumzi.

Lakini yafaa ijulikane ya kuwa hakuna jiko linaloweza kumwokoa mtu atiaye kuni mbichi. Jiko zuri na kuni mbaya ni kama jembe zuri mkononi mwa mvivu.

Mahali pa kupikia

Moshi uliobaki sharti upewe njia. Jiko liwe na madirisha mawili yanayokabiliana, na nafasi iachwe juu ya ukuta chini ya paa. Mwenye uwezo ajenge bomba la moshi lipitalo paa, na alisafishe masizi mara kwa mara, kwa maana masizi yakishika moto yaweza kuunguza nyumba. Siku zisizo na mvua ni heri kupika nje. Mtoto mchanga akae na dada au nyanya yake mbali na moto, hasa wakati wa kuwasha.

Hatari moja haina harufu wala rangi. Makaa yanayofuka bila mwali hutoa hewa ya sumu iitwayo kaboni monoksidi. Watu huingiza makaa chumbani usiku wa baridi, hufunga mlango na dirisha, wakalala wasiamke tena. Makaa yasiingizwe kamwe katika chumba cha kulala.

Kupika bila kupoteza

Maji yakishachemka hayazidi kupata joto hata moto ukiongezwa mara mbili. Huzidi tu kukauka. Basi sufuria ikichemka, ukuni mmoja uvutwe nje na uzimwe kwa mchanga, nao utatumika kesho. Kifuniko kisisahauliwe.

Watu wa nchi ya juu wana sababu zaidi ya kutumia akili. Mombasa maji huchemka kwa digrii 100, lakini Nairobi huchemka kwa digrii zipatazo 95 tu, na milimani ni chini ya hapo. Ndiyo sababu maharagwe na githeri huchukua muda mrefu kuiva huko. Dawa yake ni kuloweka maharagwe na mahindi usiku kucha, kumwaga maji hayo asubuhi, kisha kuyachemsha kwa nguvu kwa nusu saa. Baada ya hapo sufuria iliyofunikwa yaweza kutiwa ndani ya kikapu kilichojazwa majani makavu na kufunikwa kwa blanketi nzito. Chakula huendelea kuiva humo bila moto, bila moshi, na bila mtu wa kukichunga. Baada ya saa kadhaa kirudishwe motoni mpaka kilainike.

Neno la mwisho

Chukueni mfano wa nyumba mbili zilizo jirani. Katika ya kwanza kuni huletwa leo na kuchomwa leo. Mama hupuliza mpaka kichwa kinamwuma, mtoto anakohoa mgongoni, na keshokutwa sharti arudi tena msituni. Katika ya pili baba amepasua kuni za miezi ijayo, mtoto mkubwa ameondoa majivu, na maharagwe yamelowekwa tangu jana. Mama anawasha moto mdogo, chakula kinaiva, na mzigo mmoja wa kuni unadumu siku nyingi zaidi. Nyumba hizi mbili huenda zina mapato sawa. Zinalotofautiana ni utaratibu.

Wazee walisema tena, "Jifya moja haliinjiki chungu." Kuni kavu ni jifya la kwanza, jiko lenye pumzi ni la pili, na watu wa nyumba wanaosaidiana ni la tatu. Yakikaa yote matatu, chungu kitasimama, na moshi hautakuwa tena sehemu ya chakula cha watoto.