Subira ya Wanaomngoja Mateka

(Hotuba iliyosomwa mbele ya jamaa wa misikiti, Buhemba, Mkoa wa Mara)



Aliyefiwa huzika, hupewa pole, na matanga yakaisha. Lakini yule ambaye mtu wake ametekwa vitani hana kaburi wala barua. Aishi vipi?

Habari hii si ngeni kwetu. Mwaka 2025, Goma ilipotwaliwa na M23, askari wa Tanzania waliokuwa katika kikosi cha SADC walizuiliwa kambini kwa miezi, hata walipoanza kuondolewa mwishoni mwa Aprili. Jirani zetu Wakenya wameonja zaidi. Tarehe 15 Januari 2016 kambi yao ya El Adde, Somalia, ilivamiwa na Al-Shabaab. Askari wengi waliuawa, na wengine wakachukuliwa mateka. Wako jamaa waliowaona wapendwa wao katika video za watekaji, kisha miaka ikapita kimya.

Watu huwaambia: "Subirini, nyamazeni." Nabii Yakub (a.s.) alisubiri, lakini hakunyamaza. Alilia mpaka macho yake yakapofuka, akamshitakia Mwenyezi Mungu huzuni yake, na baada ya miaka mingi bado aliwatuma wanawe wakamtafute Yusuf. Basi mama aendaye kila mwezi kumwulizia mwanawe jeshini hakupungukiwa na imani.

Mke naye asionewe. Majirani humwita mjane kabla ya wakati, au humtuhumu akionekana anacheka. Sayyidna Umar (r.a.) alihukumu kuwa mke wa mtu aliyepotea, asijulikane yu hai au amekufa, angoje miaka minne, kisha akae eda. Hukumu hiyo haimharakishi, wala haimfungi milele.

Na sisi je? Kurani Tukufu yawasifu wamlishao mfungwa, na Mtume (s.a.w.) ameagiza mateka akombolewe. Anayewatesa mateka na kuwaonyesha kama nyara, hata akijiita Mwislamu, ameiasi amri hiyo. Nasi tusiokuwa na uwezo wa kumfikia mfungwa, tuwafikie watoto wake: tuwalipie ada, tuwapelekee unga, tusiwapelekee uvumi. Na kila Ijumaa tumtaje kwa jina lake, tukimwombea kama aliye hai, mpaka ijulikane vingine.

Mwenyezi Mungu awarejeshe waliotekwa, na awape nguvu wanaowangoja. Amin.