Jina Jipya, Akaunti Ile Ile

Wasikilizaji, mfanyakazi akibadili jina, iwe kwa ndoa, talaka au dini, ofisi nyingi hukimbilia kumfungulia akaunti mpya ya barua pepe. Tafadhali, msifanye hivyo. Barua za miaka yote, kalenda na ruhusa zake hubaki kwenye akaunti ya zamani, naye huanza upya kama mgeni.

Badilisheni jina ndani ya akaunti ile ile. Ofisa utumishi akishathibitisha hati zake, kitengo cha TEHAMA huweka anwani mpya kuwa ndiyo inayotuma barua, na ile ya zamani huachwa iendelee kupokea. Mteja aliyezoea anwani ya zamani bado atampata. Wala anwani hiyo asipewe mtu mwingine: fikirieni, hospitalini, majibu ya vipimo vya mgonjwa yakimfikia asiyehusika!

Jina la kuingilia kwenye kompyuta nalo likibadilishwa bila mfanyakazi kuarifiwa, asubuhi atajikuta amefungiwa nje.

Na muulizeni mwenyewe badiliko lianze lini, na nani waambiwe. Aliyetoka kwenye talaka huenda asitake tangazo la ofisi nzima, na hiyo ni haki yake.