Furaha ya Wale Sabini na Wawili
(Jumapili ya 14 ya Mwaka C. Injili: Lk 10:1-12, 17-20)



Ndugu wasikilizaji wapendwa, Injili ya leo yatuonyesha wanafunzi sabini na wawili wakirudi kutoka safari yao ya kwanza. Walikwenda bila mfuko wala viatu, wakapokewa katika nyumba za watu wasiowajua, wakala walichowekewa mezani, wakawagusa wagonjwa. Mengi ya kusimulia wanayo. Hata hivyo, wafikapo mbele ya Bwana, neno linalowatangulia kinywani ni pepo: jinsi pepo walivyowatii. Yesu hawakaripii. Anaihamisha tu furaha yao, anaitoa kwenye pepo na kuiweka kwenye majina yao, ambayo Baba ameyaandika mbinguni.

Tabia ya kukumbuka pepo na kuyasahau mengine haikwisha na wale sabini na wawili. Mfano mmoja ni kitabu kilichosomwa na mamilioni ya watu, nacho ni riwaya iitwayo The Exorcist, yaani mpunga pepo, iliyotolewa Marekani mwaka 1971. Huenda baadhi yenu mmeiona sinema yake ya mwaka 1973 bila kujua kwamba ilizaliwa na kitabu.

Mwandishi, William Peter Blatty, alikuwa Mkatoliki, mwana wa wahamiaji kutoka Lebanon, naye alisoma Chuo Kikuu cha Georgetown, mjini Washington, kwa mapadre Wajesuiti. Akiwa bado mwanafunzi, mwaka 1949, alisoma gazetini habari za kijana wa miaka 14 wa jimbo la Maryland, aliyesemekana kuwa amepungwa pepo na padre. Habari hiyo ikamkaa moyoni miaka zaidi ya ishirini. Hatimaye akaandika riwaya ya msichana mdogo anayeteswa na pepo, na ya Padre Karras, Mjesuiti na daktari wa magonjwa ya akili, ambaye imani yake yayumba, na ambaye mama yake mzazi amefariki dunia katika upweke. Mwishoni padre huyo anamwita pepo amwache mtoto amwingie yeye. Kisha anajitupa dirishani ili mtoto apone. Chini ya ngazi, akiwa anakata roho, padre mwenzake anampa maondoleo ya dhambi.

Wasomaji walikipokeaje kitabu hicho? Kilikaa katika orodha ya vitabu vinavyouzwa sana Marekani kwa zaidi ya mwaka mzima. Ilipotoka sinema, watu walizirai ndani ya majumba ya maonyesho, na wengine wakatoka mbio kabla haijaisha. Wapo waliobisha hodi kwa mapadre wakiomba kupungwa pepo. Mwaka 1975 daktari mmoja wa magonjwa ya akili aliandika katika jarida la kitaalamu habari za wagonjwa wanne waliofadhaika akilini baada ya kuitazama. Tena wengi waliuelewa mwisho wa hadithi kinyume kabisa: walidhani shetani ndiye aliyeshinda, kwa kuwa padre alikufa.

Jambo hilo la mwisho lilimsikitisha mwandishi. Katika kitabu yapo mazungumzo ambamo Padre Merrin, mzee, anamweleza mwenzake kwa nini mtoto asiye na kosa ateswe namna ile. Asema kwamba shabaha ya yule mwovu si mtoto. Shabaha ni sisi tunaosimama kando ya kitanda: tujione kuwa wanyama, wachafu, wasioweza kupendwa na Mungu hata kama Mungu yupo. Maneno hayo yalikatwa katika sinema. Blatty hakuchoka kuyadai, yakarudishwa katika toleo la mwaka 2000, miaka 27 baadaye. Ndugu zangu, hebu tulipime hilo: watu walikumbuka matapishi ya kijani na kitanda kinachotikisika, wakaukosa ule upendo ambao kitabu kizima kiliandikwa kwa ajili yake.

Kuna ukurasa mwingine ambao wasomaji wameusahau, nami namshukuru mwandishi kwa ajili yake. Kabla ya padre kuitwa, mama wa mtoto anahangaika kwa madaktari, kipimo baada ya kipimo. Hata Padre Karras afikapo haamini upesi. Anamnyunyizia mtoto maji ya bomba, akisema ni maji ya baraka. Mtoto anapiga kelele kana kwamba ameunguzwa, na kelele hizo zinamfanya padre azidi kuwa na shaka. Huyo ni padre wa hadithi, lakini alitenda kama Kanisa linavyotaka. Sheria ya Kanisa, kanuni ya 1172, yakataza mtu yeyote kuwapunga pepo waliopagawa bila ruhusa maalumu na ya wazi ya Askofu wa mahali, naye Askofu ampe ruhusa hiyo padre mchaji, mwenye elimu, busara na maisha safi. Katekisimu, namba 1673, yaagiza kuhakikisha kwanza kwamba jambo lililopo si ugonjwa, kwani kutibu ugonjwa ni kazi ya waganga wa hospitali.

Agizo hilo lina uzito wa damu. Huko Klingenberg, Ujerumani, mwanafunzi mmoja wa kike aliyekuwa na kifafa alifanyiwa ibada ya kupunga pepo mara 67 katika muda wa miezi kumi hivi. Ruhusa ya Askofu ilikuwapo. Sala zilikuwapo, tena nyingi. Daktari hakuwapo tena. Tarehe 1 Julai 1976 alifariki kwa utapiamlo na kukaukiwa na maji mwilini, akiwa na umri wa miaka 23. Mwaka 1978 mahakama iliwatia hatiani wazazi wake pamoja na mapadre wawili. Watu hao hawakumchukia yule binti, walimpenda. Walimtazama pepo kwa bidii kubwa mno, hata wasimwone binti akikonda mbele ya macho yao.

Na kwetu? Mtoto anaanguka darasani, povu likamtoka. Kabla hajainuka, neno pepo limekwisha kutamkwa. Kesho yake linafuata swali baya zaidi: nani amemtumia? Kule Usukumani tunajua kidole huelekea wapi: kwa bibi kizee anayeishi peke yake, mwenye macho mekundu kwa moshi wa jiko alilopikia miaka hamsini. Wapo waliouawa kwa panga kwa sababu ya macho hayo.

Sisemi kwamba shetani hayupo. Papa Paulo wa Sita alisema wazi juu yake katika mafundisho yake ya Novemba 1972, na kila tunapobatiza twamkataa kwa sauti. Wala sisemi kitabu kile kichomwe. Mtu mzima mwenye imani akisome, akitaka, mradi akisome mpaka mwisho. Lakini ninyi makatekista, mtu abishapo hodi usiku akisema mwanawe ana pepo, msimcheke wala msimfukuze, mkaribisheni aketi. Muulizeni mtoto amekula lini, amelala usiku ngapi, amefikishwa hospitali gani, na dawa alizopewa zimekwisha tangu lini. Salini naye. Asubuhi mfuatane naye mpaka zahanati, na paroko apewe habari. Na kama jina la jirani limetajwa usiku huo, nendeni kwa jirani huyo pia, mkae naye nje mlangoni pake, mahali ambapo kijiji kizima kitawaona.

Mwinjili Marko, katika sura ya tano, ana habari za mtu wa nchi ya Wagerasi aliyeishi makaburini, akijikatakata kwa mawe. Yesu alipomponya, watu walikuja wakamkuta ameketi, amevaa nguo, ana akili timamu. Hapo ndipo walipoogopa. Walisikia habari za nguruwe wapatao elfu mbili waliozama ziwani, wakamsihi Yesu aondoke katika mipaka yao. Hakuna hata mmoja ambaye Marko asema kwamba alimsalimu yule aliyepona. Naye akaomba afuatane na Yesu chomboni. Yesu akamkatalia, akamrudisha nyumbani kwa jamaa zake, kwa wale wale waliokuwa wamezoea kumfunga kwa minyororo.