NGUVU YA MTU ASIYE NA SILAHA

Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama

Vijana wetu hutuuliza swali moja kila tukutanapo: "Serikali ina bunduki, ina askari, ina jela. Sisi tuna nini?" Swali hili si la mchezo, wala hatutaki kulijibu kwa makelele. Tunataka kulijibu kwa mambo yaliyotendeka, ili kila mtu ayapime mwenyewe.

Kwanza tujiulize, serikali huishi kwa kitu gani? Bunduki haikusanyi kodi. Haipakui meli, haiendeshi gari moshi, haiandiki barua ofisini. Kazi hizo zote hufanywa na raia. Kila asubuhi raia anapoamka na kutii, huipa serikali uhai wa siku moja. Mmoja akikataa kutii, atafungwa. Wakikataa wote kwa pamoja, jela haitoshi. Hiyo ndiyo silaha yetu, ndugu zangu, lakini ina masharti yake.

Sharti la kwanza ni kuchagua jambo linalomgusa kila mtu. Mwaka 1930 Serikali ya Waingereza kule India ilikuwa imeishika biashara ya chumvi na kuitoza kodi, hata maskini hakuruhusiwi kujiokotea chumvi katika pwani ya nchi yake. Tarehe 12 Machi, Gandhi aliondoka Sabarmati na wenzake 78, wakaenda kwa miguu yapata maili 240 mpaka Dandi. Tarehe 6 Aprili akaokota chumvi na kuivunja sheria mchana kweupe. Watu zaidi ya 60,000 walitiwa gerezani mwaka ule. Kwa nini chumvi? Kwa sababu imo katika kila chungu, cha Mhindu na cha Mwislamu, cha tajiri na cha maskini. Na kuiokota hakuhitaji elimu wala fedha. Hata bibi kizee aliweza kuikaidi Serikali.

Sharti la pili ni kuvumilia gharama. Januari 1957, katika mtaa wa Alexandra karibu na Johannesburg, nauli ya basi ilipandishwa kutoka peni 4 hadi peni 5. Peni moja! Mwenye kushiba ataicheka. Lakini kwa mfanyakazi mwenye watoto, peni ile ilikuwa unga. Wakazi wakayasusia mabasi, wakatembea maili 9 kwenda kazini na maili 9 kurudi, katika jua na mvua, kwa muda wa kama miezi mitatu. Polisi waliwasimamisha wenye magari waliojaribu kuwabeba. Mabasi yakapita matupu. Mwisho wake, Serikali ile iliyojisifu kuwa haitasogea ilipitisha sheria ya kuwatoza waajiri zaidi, na nauli ikabaki peni 4. Hawakurusha jiwe. Walichoka miguu tu.

Basi tusidanganyane: mgomo bila akiba ni njaa. Kabla hatujamwambia mwenzetu aache kazi, tujue watoto wake watakula nini. Na yule atakayefungwa, nani atalima shamba lake? Chama kisichoweza kujibu maswali hayo kisitangaze mgomo. Mchango wa senti chache unaotolewa kila juma una nguvu kuliko hotuba kumi kama hii yetu.

Sharti la tatu ni nidhamu. Adui hupenda sana tumpige jiwe, maana jiwe moja humpa ruhusa ya kufyatua risasi mia, kisha akauambia ulimwengu kuwa sisi ni wahuni. Tukimwona mtu mgeni katika maandamano akiwahimiza watoto kuchoma moto duka, tumwulize ametumwa na nani.

Sharti la nne ndilo gumu kuliko yote, nalo ni kujua lini tugome na lini tuingie. Tarehe 8 Januari 1950, Kwame Nkrumah aliwaita watu wa Gold Coast wagome bila fujo. Serikali ikatangaza hali ya hatari, viongozi wakafungwa, na mgomo ukavunjika kabla mwezi haujaisha. Wengi walidhani mambo yamekwisha. Lakini Februari 1951 uchaguzi ulifanyika, chama chake hakikuususia, naye akachaguliwa akiwa bado gerezani. Tarehe 12 Februari alifunguliwa, akaenda kuongoza serikali. Ghana ikapata uhuru tarehe 6 Machi 1957.

Hata Tanganyika ilikuwa hivyo. Januari 1958, mkutano wa TANU pale Tabora ulibishana vikali juu ya uchaguzi wa kura tatu, ambapo kila mpiga kura alilazimika kumchagua Mwafrika, Mwasia na Mzungu. Sheria ile ilikuwa ya dharau, na wengi walitaka isusiwe. Mwalimu Nyerere akawashauri waingie, kwa kuwa kususia kungewaachia viti wapinzani wao. Wengine hawakukubali, na Zuberi Mtemvu akajitoa akaanzisha chama chake. Lakini TANU iliingia, ikashinda, na uhuru ukapatikana tarehe 9 Desemba 1961. Kususia ni jembe, si dini. Shamba likitaka panga, tuchukue panga.

Je, njia hii hushinda siku zote? Hapana. Tarehe 21 Machi 1960, kule Sharpeville, watu walikusanyika bila silaha kuzipinga pasi, na polisi wakawaua 69. Baada yake vyama vyao vikapigwa marufuku, na mwaka 1961 wenzetu wa Afrika Kusini wakaamua kushika silaha. Hatuwahukumu. Lakini tukumbuke kwamba hata huko migomo, ususiaji na maandamano viliendelea kuutikisa utawala ule mpaka uchaguzi wa 1994.

Ndugu Wananchi, hatuwaahidi ushindi wa kesho. Tunawaomba mambo matatu: kila tawi lianzishe mfuko wake, kila tawi lichague watu watulivu wa kulinda mikutano, na kila mwanachama ajiulize ni utii gani anaoutoa kila siku bila kuufikiri. Haba na haba hujaza kibaba. Mwenye kadi amwendee jirani yake asiye na kadi, amweleze haya kwa upole.

Umoja ni nguvu.