Maji ya Flint na Sauti ya Mpiga Kura



Tumeombwa kuzungumza juu ya umaskini na afya. Tumechagua mji wa Flint, jimbo la Michigan, Marekani, kwa kuwa yaliyoupata yanaonyesha jinsi afya ya mnyonge inavyomtegemea yule anayeamua kwa niaba yake.

Flint ulistawi kwa viwanda vya magari vya General Motors. Watu Weusi wengi walihamia huko kutoka kusini kutafuta kazi. Katika miaka ya 1970 kampuni hiyo iliajiri watu wapatao 80,000 mjini na viungani mwake. Viwanda vilipofungwa, wenye uwezo walihama. Waliobaki, zaidi ya nusu yao Weusi, walirithi umaskini na hazina tupu.

Kwa sababu ya hazina hiyo tupu, serikali ya jimbo ilimweka msimamizi ambaye hakuchaguliwa na mwananchi yeyote, akachukua mamlaka ya meya na madiwani. Novemba 2012 wapiga kura wa Michigan waliifuta sheria ya wasimamizi hao. Mwezi uliofuata, bunge la jimbo likapitisha nyingine mfano wake, iliyotungwa hivi kwamba wananchi wasiweze kuifuta tena kwa kura ya maoni.

Aprili 2014, ili kupunguza gharama, mji ulianza kutumia maji ya Mto Flint bila kuyatia dawa ya kuzuia kutu. Maji yakayala mabomba, na madini ya risasi yakaingia majumbani. Wananchi walilalamika, wakaambiwa maji ni salama. Oktoba mwaka uo huo kiwanda cha injini cha General Motors kiliacha kuyatumia kwa kuwa yalitia vyuma kutu. Watoto waliendelea kuyanywa mwaka mmoja zaidi, hadi daktari wao, Mona Hanna-Attisha, alipoonyesha hadharani kwamba risasi imeongezeka katika damu yao.

Mwaka 2021 mahakama iliidhinisha fidia ya dola milioni 626. Sisi mawakili twaheshimu fidia, lakini hakuna hukumu inayoondoa madhara ya risasi katika ubongo wa mtoto.

Wananchi wa Flint walisema mapema, tena kwa ushahidi wa chupa mkononi. Walichonyang'anywa ni uwezo wa kumwondoa asiyewasikiliza. Kwa hiyo tunapodai haki ya kuchagua, tusiihesabu kuwa neno la wanasiasa peke yao. Ni neno la mama anayemchotea mwanawe maji.